Dawa nyingi hazina sababu ya kuingia kwenye begi la mwanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na walimu wa shule za msingi hapa Dar es Salaam kuhusu dawa zinazosafiri ndani ya mabegi ya watoto. Nyingi hazikupaswa kutoka nyumbani. Ile moja inayotakiwa kuwa karibu na mtoto muda wote ndiyo hufungiwa ofisini.

Dawa mseto ya malaria aina ya ALu ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa baada ya saa 8, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza, zilizobaki kila baada ya saa 12. Siku ya kwanza mgonjwa yuko nyumbani. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni tu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Amoksilini ya mara tatu nayo inapangika: saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri akirudi, saa 3 usiku. Kwa zamu ya mchana hesabu hiyo haikai sawa, hivyo mzazi aulize palepale kwenye dirisha la dawa kama ipo ya mara mbili kwa siku. Dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa haivumilii joto la begi, na kwa kuwa ni tamu, rafiki wataonjeshana. Mbaya zaidi ni ile iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda: mwalimu atajuaje kama kila mililita 5 zina miligramu 125 au 250?

Parasetamoli inahitaji daftari. Mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 200 hadi 300, yaani nusu ya kidonge cha 500, na zipite angalau saa 4 kabla ya nyingine. Mama akimpa saa 12 asubuhi na mwalimu akampa tena saa 3, tayari wamekosea wote wawili bila kujua. Kwa hiyo daftari liandike jina, dawa, kiasi, saa, sahihi, na saa ya dozi ya mwisho nyumbani. Homa ikishuka, mtoto asirudishwe darasani kana kwamba amepona. Bado anahitaji kipimo cha malaria.

Sasa inhela ya pumu, ile ya kufungua njia ya hewa mtoto anapobanwa. Kuifungia kabatini, ufunguo ukiwa kwa mwalimu aliye kikaoni, ni hatari kuliko kutokuwa na kabati kabisa. Ikae kwa mtoto, au kwa mwalimu wa darasa kwa wale wadogo. Wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, kwa hiyo dawa huishia kooni. Suluhisho ni kupitisha dawa kwenye chupa: chukua ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi ya karatasi. Ioshe kwa sabuni iachwe ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani.

Akibanwa, mtoto aketi wima, asilazwe. Tikisa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano mdomo ukiwa kwenye chupa. Tikisa tena, mpaka itimie mara nne. Subiri dakika nne. Asipopata nafuu, rudia mara nne huku bajaji ya kumpeleka hospitali ikitafutwa, na mwendelee hivyo njiani. Asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye midomo imebadilika rangi, aondoke mara moja.

Kila inhela iandikwe tarehe ilipofunguliwa. Ya mibonyezo 200 isiyo na kihesabio huendelea kutoa gesi hata dawa ikiwa imekwisha, na anayeitikisa hudhani bado ipo. Shule ikague tarehe hizo kila muhula unapofunguliwa, mzazi aitwe kabla haijaisha.

Mfamasia,
Temeke, Dar es Salaam