Kikao cha wazazi kipangwe kwa kuangalia mwezi

Mhariri,

Kila Januari, madarasa ya awali yakifunguliwa, wakubwa wetu hapa mkoani hurudia maneno yale yale redioni na mikutanoni: wazazi wa Kigoma hawana mwamko wa elimu, hasa akina baba wa mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga. Naomba nafasi nibishe. Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la awali huku Katonga. Naanika na kuuza dagaa, na mume wangu ni mvuvi. Sisemi kwamba sisi wazazi hatuna lawama. Ninachosema ni kwamba vikao vya shule vinapangwa kana kwamba hatukai kando ya ziwa.

Kwa wasomaji wa mbali: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene wanaufuata mwanga, lakini mwezi ukijaa taa haziwavuti, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo vyombo hukaa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu na kuonana na familia zao. Siku za giza baba anatoka jioni na kurudi alfajiri, anauza, anakula, analala. Ukimwita shuleni saa nne asubuhi umemwita usiku wake wa manane. Mimi mwenyewe saa hiyo nina dagaa kwenye mchanga. Nikigeuka tu, kunguru wamefika, na mawingu yakikusanyika ndiyo mtaji unaolowa. Jioni tunaambiwa wazazi hawakutokea.

Hata tukitokea, tunaitiwa nini? Michango. Uji, mlinzi, madawati. Ada iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na sisi tukabakiwa na sare, madaftari na chakula. Sina ugomvi na hilo. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa darasani na njaa hadi saa sita, uji lazima uwepo. Lakini baba ambaye kila akiitwa anadaiwa, mwishowe anaijua shule kama anavyolijua duka analokopa: anapita njia nyingine.

Yanayofanyika ndani ya darasa lenyewe hayajui. Mimi niliyajua kwa bahati tu, siku nilipompeleka mtoto nikachelewa kuondoka. Mwalimu alikuwa na kona zake za kujifunzia, na kwenye kona ya hisabati hapakuwa na kitu cha dukani: vizibo vya soda, magunzi ya mahindi, kokoto za ufukweni. Watoto walikuwa wanatenganisha vikubwa na vidogo, wanapanga mafungu, wanabishana lipi lina vingi. Nikashangaa, maana hiyo ndiyo kazi anayoifanya binti yangu kila siku akiwa nami: kuchambua dagaa, kutoa vijisamaki vingine vilivyochanganyika, kupanga mafungu ya mia tano na ya elfu moja. Nilikuwa nikimfukuza akacheze asinicheleweshe. Siku hizi namuuliza, fungu lipi lina wengi? Haya yakiingia kwenye sado, kile kindoo cha kupimia, litajaa au litabaki? Huwa anakosea na anacheka. Shilingi haijanitoka hata moja.

Sasa mueleze baba ambaye hajaiona hiyo kona. Yeye anapekua daftari. Akikuta kurasa zimejaa a, e, i, o, u na alama nyekundu za vyema, anasema mwalimu anafanya kazi. Akikuta mtoto amechora mtumbwi na kuimba nyimbo, anasema wanacheza tu, kisha anatafuta tuisheni ya jioni kwa mtoto ambaye vidole bado havijashika penseli vizuri. Na walimu wengine, kwa kutaka kumridhisha baba huyo, wanaacha vizibo wanarudi kwenye kunakili ubaoni. Kwa hili nawalaumu wazazi wenzangu zaidi kuliko walimu, ingawa dawa yake ni nyepesi: aone somo moja kwa macho yake.

Kuna na mabibi. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Shule zetu nyingi zinakizidi mbali, kwa hiyo mtoto anayehitaji mtu wa kuongea naye hatampata darasani. Nyumbani bibi yupo na muda anao. Sisi wa Ujiji na Katonga watoto wetu wanakua na Kiswahili, lakini nenda Kalinzi au Manyovu: mtoto anafika shuleni na Kiha chake, na bibi anaambiwa asimchanganye. Anyamaze kwa nini? Mtoto aliyesimuliwa hadithi kwa Kiha na kutegewa vitendawili kwa Kiha amekwisha kujua kusikiliza, kungoja, kukumbuka nani alifanya nini kwanza. Mwalimu anabaki na kazi ya kumpa maneno ya Kiswahili.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, akina baba walikuwa nyumbani miezi mitatu. Ukitoa likizo ya katikati, bado zilibaki wiki nyingi za masomo. Vijiwe vilijaa bao na drafti kutwa. Hapa mtaani kwetu sikusikia hata baba mmoja aliyeitwa kuwaonyesha watoto wa awali jinsi nyavu zinavyoshonwa, au kuwahesabia taa za chombo chake.

Ombi langu kwa kamati za shule zilizo karibu na mialo ni dogo. Mwezi mpevu unajulikana mapema kuliko hata ratiba ya mitihani. Kaeni na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwaloni, chagueni jioni moja ya siku hizo kila muhula, saa kumi hivi, dagaa wakishaanuliwa. Wazazi waingie darasani, wakae kwenye vile viti vidogo, mwalimu afundishe nusu saa na watoto wao wakiwemo. Mambo ya michango yasiguswe siku hiyo. Yatafutiwe siku yake. Na tangazo lipelekwe mwaloni kwa mdomo, maana barua anayopewa mtoto wa miaka mitano huishia kuwa boti ya karatasi.

Kama kuna mwalimu mkuu atakayesema ratiba hairuhusu, naomba atujibu kupitia gazeti hili hili, aeleze ni ratiba gani inayokataza kikao cha saa kumi jioni.

Mama wa mtoto wa awali,
Katonga, Kigoma Ujiji