Kwa Nini Hatufuti Alama Yetu Ndani ya Shingo ya Mwanasesere

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia karakanani kwetu hapa Kondele, Kisumu, tunapowapaka wanasesere nyuso upya na kuwapandikiza nywele, saa moja asubuhi. Alikuwa ametoka Nakuru na basi la usiku, mkononi ana sanduku la viatu lililofungwa kwa leso. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alifungua leso juu ya meza, akamtoa mwanasesere mwenye nywele nyekundu za mawimbi, akauliza, "Huyu unamjua?"

Nilimjua kabla hajamaliza kuuliza. Kope za chini huwa nazichora tatu tatu, ya katikati ikiwa ndefu, na rangi ya mashavu naipandisha hadi karibu na sikio. Nikamwambia ndiyo mama, huyu nilimpaka mimi.

"Basi wewe na yule aliyeniuzia mnagawana."

Alikuwa amelipa shilingi 22,000. Aliambiwa ni Barbie wa mwaka 1966, uso wa kiwandani, nywele zake mwenyewe, hajaguswa na mtu. Mdogo wangu alifungua daftari letu la kazi na kumwonyesha: mwanasesere huyo aliletwa na mteja mmoja miaka miwili iliyopita, katolewa kwenye belo la mitumba sokoni Kibuye, nywele zimekatwa kwa makasi na mtoto, uso umechorwa kalamu ya wino. Tulitoza 7,500 kwa uso na nywele. Picha za kabla na baada zipo. Mama alizitazama moja moja, kisha ndipo akakaa.

Tangu Januari wateja watatu wameniletea lalamiko la namna hii. Wawili walipiga simu tu, na mmoja wao aliniita mwizi kabla sijasema "haloo". Kwa hiyo nataka nieleze wazi kazi yetu inaishia wapi, na uongo wa mtu mwingine unaanzia wapi.

Kwanza hiyo 1966. Barbie wengi, ukiwageuza na kusoma chini ya kiuno, wana mwaka huo. Si mwaka aliotengenezwa. Ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la mwili, ule wenye kiuno kinachozunguka, ambao Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, waliuingiza madukani mwaka 1967. Maandishi hayohayo yaliendelea kupigwa muhuri kwa miongo, mpaka miaka ya tisini. Nyuma ya shingo nako unaweza kukuta 1976, na huo ni mwaka wa umbo la kichwa. Barbie mmoja anaweza kuwa na 1966 mgongoni, 1976 kichwani, na alitoka kiwandani mwaka 1993. Cha kusoma ni jina la nchi. Wa miaka ya sitini walitengenezwa Japani. Wa mama yule ameandikwa China. Neno hilo moja, lililo wazi kwa yeyote mwenye macho, lingemwokolea pesa zake, na aliyemuuzia alilijua maana ndiye aliyempiga picha kutoka mbele tu.

Sasa alama yetu. Kila tunayempaka, tunamwandika ndani ya ukingo wa shingo, pale panapozibwa na mwili: herufi zetu mbili, maneno "amepakwa upya", mwezi na mwaka. Kwa yule wa mama, maandishi yalikwanguliwa kwa wembe hadi vinaili, ile plastiki laini ya kichwa, ikabaki na kovu jeupe. Aliyekwangua hakujua kwamba kuna alama ya pili. Iko wapi sitasema.

Karibu kila mwezi kuna mteja anayeniambia, kwa upole kabisa, "Dada, hiyo alama usiiandike tu, inanishushia bei." Wengine huongeza mia tano. Kuna kijana wa Eldoret aliongeza elfu tatu, nikamrudishia kwa M-Pesa usiku uleule pamoja na nauli ya kifurushi chake, na mwanasesere wake nikamrudisha vile alivyokuja. Elfu tatu nilizihitaji. Lakini mtu anayelipa elfu tatu ili maneno "amepakwa upya" yasiandikwe ana mnunuzi mahali fulani anayengoja kudanganywa, na siku mnunuzi huyo akigundua, sanduku la viatu litafunguliwa juu ya meza yangu, si yake.

Tena si kweli kwamba kupaka upya kunashusha bei. Kunabadilisha mnunuzi. Angalia Blythe, yule mwenye kichwa kikubwa na macho yanayogeuka rangi ukivuta kamba. Kampuni ya Kenner ya Marekani ilimtengeneza mwaka 1972 peke yake, akadoda. Mwaka 2001 Takara ya Japani ikamrudisha. Leo wako wanaomtaka yule wa 1972 akiwa hajaguswa hata ukucha, na wako wanaomnunua wa Takara makusudi ili fundi amchonge midomo, ambadilishe vioo vya macho, ampake uso mpya, na kazi hiyo wanailipia kuliko bei ya mwanasesere mwenyewe. Ama Sonia Singh wa Tasmania, kule Australia, aliyekuwa akichukua wanasesere wa Bratz wa mitumba, akiwafuta vile vipodozi vizito na kuwachorea nyuso za watoto wa kawaida wacheza matopeni. Mwaka 2015 watu waligombania kununua, na kila mmoja alijua anachonunua, kwa sababu alionyesha picha ya uso wa zamani kando ya uso mpya. Wapenda vilivyopakwa wapo na wana pesa. Kwa nini umfuate yule asiyependa ukamdanganye?

Na sheria ipo. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kusema bidhaa ni mpya au haijatumika ilhali imekarabatiwa. Mwaka jana mtu alitaka tumchapishie sanduku jipya lenye nembo ya kampuni ili mwanasesere wake aonekane hajawahi kufunguliwa. Nilimwonyesha mlango. Hilo si urembo tena, hiyo ni bidhaa bandia, na Kenya ina sheria yake tangu 2008.

Kinachonisikitisha zaidi ni wale wanaojaribu kuikwepa bei yetu nyumbani, kisha wanakuja kulipa mara mbili. Ukitaka kumvua mwanasesere kichwa, kichwa kinaloweshwa kwanza kwenye maji ya moto mpaka vinaili ilegee, ndipo unakivuta taratibu. Ndani kuna kifundo cha plastiki ngumu kinachoshikilia shingo. Ukivuta kichwa kikiwa baridi, kifundo kinakatika, na kifundo hakiungwi na gundi yoyote niijuayo kikarudi kugeuka vizuri. Nina bakuli limejaa miili isiyo na vichwa, yote ni ya watu waliokuwa na haraka.

Kisha kuna asetoni, ile ya kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kwa kichwa cha vinaili, pamba yenye asetoni kidogo inafuta rangi ya kiwandani vizuri. Lakini iguse mwili wa plastiki ngumu, na plastiki inayeyuka, inanata, alama ya kidole inabaki humo milele. Mama mmoja wa Kisii alimtumbukiza mzima kwenye bakuli la dawa ya kutoa rangi ya kucha akaenda kupika. Aliporudi mikono ilikuwa imelainika kama mshumaa juani.

Dawa ya chunusi nayo imeenea sana siku hizi, ile yenye benzoyl peroxide. Ni kweli inaondoa doa la wino kwenye vinaili: unapaka doa peke yake, unaweka juani, unakagua kila baada ya saa chache. Shida ni kwamba haijui mahali pa kukoma. Ukiisahau, au usipoiosha sawasawa, inaendelea kula rangi ya ngozi, na miezi baadaye unakuta shavu lina baka jeupe pale palipokuwa na doa la buluu. Kwa mwanasesere mweusi baka hilo linaonekana kutoka mlangoni. Doa la wino la mia tano linageuka kazi ya kupaka uso mzima.

Wa mwisho ni kijana wa Kakamega aliyepaka uso vizuri, nasema kweli, mkono wake ni mzuri kunishinda nilipokuwa naanza, halafu akaufunika kwa rangi ya kupuliza ya duka la vifaa vya ujenzi. Rangi ile haikauki juu ya vinaili. Inabaki inanata wiki, mwezi, mwaka, kila vumbi na kila unywele vinagandia hapo. Mdogo wangu alimsafisha siku tatu. Tulimtoza kijana 2,000 za kusafisha tu, na akanung'unika, na ninamwelewa.

Ndipo nafika kwenye bei, kwa sababu najua mnasema. "Rangi ya mia mbili, wewe unataka elfu tatu na mia tano kwa uso?" Rangi ni mia mbili, sawa. Kopo la kupuliza la kumalizia, lile la Mr. Super Clear, linatoka Japani. Ni kopo la gesi inayoshika moto, kwa hiyo posta ya ndege hailipokei. Linasafiri kwa meli na kupita mikono mingi, na likifika Kisumu bei imeumuka. Moja hunitosha vichwa kama kumi. Napuliza tabaka la kwanza ili penseli ipate pa kushika, nachora, napuliza, naweka kivuli cha chaki laini, napuliza, rangi ya akriliki nyembamba kwa kope na nyusi, napuliza tena, mwisho kitu cha kung'arisha macho na mdomo. Kila mara navaa barakoa yenye vichujio, si ile ya kitambaa, kwa sababu mvuke ule ni sumu.

Na hapa kwetu kando ya ziwa kuna unyevu. Ukipuliza hewa ikiwa na maji, uso unafunikwa na ukungu mweupe, na kazi ya siku mbili unaifuta uanze upya. Asubuhi hewa ni nzito, jioni mvua inakuja, kwa hiyo napuliza kati ya saa tano na saa nane mchana, siku kavu. Aprili na Mei naweza kukaa juma zima sijashika kopo. Mteja anapiga simu, "Mbona hujamaliza, kwani ni nyumba unajenga?" Ningeweza kupuliza jioni nikamridhisha. Ukungu ungeonekana akishafika kwake.

Nywele ndizo zinazokula siku. Nachomoa za zamani kutoka ndani kwa koleo nyembamba, napandikiza mpya kishungi kwa kishungi, tundu kwa tundu, kwa sindano. Wengi huniletea nywele za rasta za dukani wakidhani wananipunguzia gharama. Ni nene mno kwa kichwa kile. Ukizilazimisha, tundu linapasuka, na ufa wa utosini hauna dawa.

Kuna kazi nyingine nazikataa hata kwa pesa nzuri. Sinakili uso wa msanii mwingine kutoka kwenye picha. Niletee kama mfano wa rangi, sawa, lakini macho yake ni yake. Sikubali mwanasesere tuliyempaka auzwe kuwa kitu cha kuchezea mtoto mdogo, kwa sababu rangi hizi hazikutengenezwa zilambwe. Na sigusi mwanasesere wa zamani aliye mzima. Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kisumu alikuja na Barbie aliyeletewa na dada yake kutoka London akiwa msichana, mgongoni ameandikwa Japan, masikio yana kijani kilichoachwa na hereni za madini. Alitaka nimfanye mpya ili mjukuu amuuze alipe karo. Nilimwambia, mama, huyu akibaki na midomo yake iliyofifia na masikio yake ya kijani ana thamani kuliko nikimpaka. Nilimsafisha vumbi kwa maji na sabuni, sikumtoza. Nasikia mjukuu alipata mnunuzi aliyefurahia hata yale masikio.

Kuhusu mama wa Nakuru, nilimwandikia karatasi yenye tarehe, picha na saini yangu, akampelekea aliyemuuzia. Amerudishiwa 15,000, na zilizobaki bado anadai. Mwanasesere amebaki naye, anasema amemzoea.

Kama nawe una mwanasesere uliyeambiwa hajaguswa na unaona alama za wembe shingoni, mlete siku yoyote ya kazi kabla ya saa tano, kabla sijavaa barakoa. Kumkagua ni bure. Tafadhali usimvue kichwa njiani. Maji ya moto yapo hapa, nitamvua mwenyewe.