Mdogo wangu, niruhusu nimrudishie mtoto simu

Busia, Uganda, Julai 2021

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti limepata nafuu. Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala la mtoto, kwa sababu yaliyotukuta wiki jana yamezikuta nyumba nyingi mwaka huu. Na kwenye simu ulikuwa na hasira, hukuniacha nimalize.

Ulisema, "Mnyang'anye hiyo simu, akome." Nimefanya ulivyotaka. Lakini wewe ulitumiwa sauti ile ya mwisho tu, sekunde kumi na kitu, mwanao akimwita mwalimu wake wa kemia maneno ambayo sitayarudia. Mimi nilikuwepo tangu asubuhi.

Unajua kwetu mtandao unashika vizuri chini ya mwembe tu. Alikaa pale juu ya jerikeni, daftari magotini, akasawazisha milinganyo yote sita. Nilimwona akifuta, akiandika upya, akifuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Akapiga picha kurasa mbili, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kile kiduara kikazunguka weee, picha hazikwenda. Akanyanyua simu juu, akazunguka mti, akarudi kukaa. Bando lilikuwa limekwisha. Mwanao alikuwa ametazama mpira usiku, nami sikujua.

Nilipomwekea bando jingine, ujumbe wa mwalimu ukaingia: orodha ya wasiotuma kazi, jina lake la tatu, na chini yake neno "wavivu". Wenzake wakaanza kumcheka kwa vikatuni. Hapo ndipo alipobonyeza kinasa sauti. Nilikuwa jikoni nikipika posho. Mpaka natoka, tusi lilikuwa limeshatoka, na ameshatolewa kwenye kundi.

Amekosa. Simtetei. Mtoto wa nyumba yetu hamtukani mwalimu, hata mwalimu akikosea, na bando la masomo si la mpira. Nimemwambia hivyo uso kwa uso na amelia. Jioni ile nilimkalisha aandike kwanza kwa kalamu anachotaka kumwambia mwalimu, kisha airekodi. Alirudia mara nne. Mara ya kwanza alijitetea, ya pili alinong'ona, ya tatu jogoo akawika katikati. Ya nne ndiyo tuliyomtumia mwalimu pembeni, kwa simu yangu. Mwalimu akajibu kwamba amepokea, naye pia neno lake lilikuwa kali. Anamrudisha kundini akiona mzazi anafuatilia.

Mzazi, mdogo wangu. Hakusema shangazi.

Tangu shule zifungwe kwa ajili ya korona Machi 20, 2020, hesabu imetimia miezi 16. Watoto wa kidato cha tatu walirudi Machi mwaka huu, wakasoma miezi isiyotimia mitatu, na Juni 7 milango ikafungwa tena. Humo katikati serikali iligawa vijitabu vya kujisomea, kukawa na masomo ya redio na kurasa za masomo magazetini. Vijitabu anavyo, amevimaliza. Redio haijibu swali. Simu ndiyo iliyobaki yenye mwalimu anayeweza kuulizwa kitu akajibu, na ndiyo tuliyoifungia kabatini.

Kibaya zaidi ni anachokifanya sasa saa za masomo. Anaamka, anakaa barazani, anatazama vijana wa rika lake wanavyovusha mizigo mpakani kwa baiskeli. Jana kaniuliza, wanalipwa kiasi gani kwa safari moja? Niliacha kuchambua mboga. Sijalala vizuri tangu swali lile.

Najua huwezi kuja; usafiri wa wilaya hadi wilaya umefungwa, na wewe mwenyewe kazi imesimama. Najua pia bando si bure: ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, imeondoka mwezi huu, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Nitachangia. Nauza mandazi bado, tutagawana.

Ninachokuomba hakina gharama kubwa. Siku zote ukipiga unamuuliza, "Umesoma?" Anajibu "Ndiyo, baba," basi mmemaliza. Muulize amesoma nini. Mwambie akueleze kwa nini unaweka 2 mbele ya haidrojeni ndipo maji yapatikane. Usijali kama umesahau kemia. Juzi alinieleza mimi, niliyeishia darasa la saba, kwa kuchora viduara mchangani na kijiti, na nilielewa. Ungeuona uso wake! Muda huo hakuwa na hasira na mtu yeyote.

Hasira ile haikuanzia kwa mwalimu, mimi naona hivyo. Ukiondoa ile miezi ya shuleni, mtoto amekaa mwaka na zaidi akisoma peke yake chini ya mti, kazi yake haionwi na mtu, kisha siku ya kwanza anaonwa, anaonwa mvivu.

Mimi nitakaa naye kila asubuhi mpaka kazi iwe imetumwa, na usiku simu italala chumbani kwangu. Wewe zungumza na mwalimu. Namba yake nimekutumia. Kisha utupigie kesho saa mbili usiku. Nitakuwa nimemkalisha karibu yangu, daftari lake mkononi. Simu iko chini ya leso zangu, nimeshaichaji.

Dada yako