Jina la Kamau liandikwe pia Ngong

Mhariri,

Ninaandika nikiwa Voi, mji alikofia mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton Mei 14, 1931. Ndege yake aina ya Gipsy Moth iliruka, haikufika popote, ikaanguka na kuteketea. Habari hiyo husimuliwa kila mara. Kinachorukwa ni kwamba ndege ile ilikuwa ya viti viwili, na cha pili alikalia Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Walikufa pamoja.

Sina kinyongo na Finch Hatton. Alikuwa mtoto wa lodi, Earl wa 13 wa Winchilsea, akasoma Eton na Oxford, akaja Kenya mwaka 1911. Kwenye Vita Vikuu vya Kwanza alipigana na Wajerumani hapa Afrika Mashariki, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Baadaye akawa mwindaji wa kuongoza wageni, hata mrithi wa ufalme wa Uingereza. Kinachonifanya nimheshimu hasa ni barua alizoliandikia gazeti la The Times la London, akiwashutumu watu waliokuwa wakifukuza simba kwa magari Serengeti na kuwamiminia risasi. Mwindaji kuwatetea wanyama mbele ya wakubwa wenzake si jambo dogo.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kaburi la Finch Hatton, vilima vya Ngong karibu na Nairobi. Ndani ya matatu nilimsimulia ajali yote. Tulipofika kwenye mnara wa mawe uliojengwa na Guy, kaka ya marehemu, mtoto alipitisha kidole juu ya kibao cha shaba akisoma herufi moja moja: jina, 1887, 1931, kisha mstari wa shairi la Kiingereza usemao kwamba husali vyema yule apendaye vyema mtu, ndege na mnyama. Akamaliza, akazunguka mnara mzima akitafuta, akarudi.

"Babu, na Kamau yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mstari ule wenyewe umeanza na mtu, ndipo ukaja kwa ndege na mnyama.

Nawaomba wanaolitunza kaburi hilo waongeze kibao kidogo, hata cha ukubwa wa kiganja: Kamau, Voi, Mei 14, 1931. Nanyi waandishi, mkiigusa tena ajali ya Voi, hesabuni watu wawili. Na kama uko ukoo unaomtaja Kamau huyu kuwa wake, uitwe uwepo siku ya kukiweka.

Karani mstaafu wa reli,
Voi