Shukrani kwa dada wakili wa pale mahakamani, Mwanza

Dada wakili, jina lako sikulipata, uliitwa ndani kabla sijakuuliza. Mimi ni yule mjane muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Shemeji zangu walikuwa wameshagawa: wao wachukue nyumba, mimi nirudi kwetu Sengerema. Eti ndiyo mila.

Ulikaa nami kwenye benchi ukanisomea Ibara ya 13 ya Katiba, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, kisha ya 24, haki ya kumiliki mali. Ukaongeza Sheria ya Ardhi ya 1999, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Halafu ukaniandikia pingamizi la mirathi kwa mkono wako. Nilipofungua kibindo ukakataa, ukanieleza kuwa tangu 2017 kuna sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. (Wapo pale nje wanaodai hela ya soda kabla hata ya salamu!)

Hakimu alinisikiliza. Mimi na wanangu bado tupo kwenye nyumba ile ile, Igoma. Ukipita Mwaloni ulizia mjane wa Igoma. Dagaa wako nimekutengea, na hao usiwakatae.