Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: viongozi wa kesho tayari wako kwenye vikundi vya mikopo

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri huenda kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mazungumzo juu yake huishia kwenye marejesho, nani kalipa na nani kaingia mitini. Sisi tunaowezesha vikundi hivyo tunaona jambo jingine. Kila kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaoendesha vikao, kuandika mihtasari na kusuluhisha ugomvi wa faini. Mkopo ukiisha, hakuna anayewatafuta tena.

Tunaomba Jiji lianzishe darasa la uongozi la miezi 9, watu 30 kwa mwaka: 12 kutoka vikundini, 10 wafanyabiashara wa Kariakoo, Buguruni na Gongo la Mboto, 8 watumishi vijana wa kampuni na taasisi. Wakutane siku moja kila mwezi.

Lianze Septemba. Mipango ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai huibuliwa mitaani miezi mingi kabla, ikapanda kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Darasa la Machi litakuta chungu kimeshaepuliwa.

Kila washiriki wawili wapewe mradi mmoja wa kufuatilia: mfereji wa maji ya mvua, choo cha soko, darasa lisilo na paa. Waandike ukurasa mmoja tu: kiasi kilichoombwa mtaani, kilichobaki kwenye kata, kilichopitishwa, na sababu ya kila punguzo. Mtu aliyeona ombi la mtaa wake likikatwa mara mbili, akaelezwa kwa nini, hujifunza bajeti kuliko aliyesikiliza mada kumi ukumbini. Na diwani anayejua kuna watu wanaandika hujibu kwa uangalifu zaidi (hilo nalo si haba).

Somo la pili liwe zabuni. Asilimia 30 ya manunuzi ya umma hutengwa kwa makundi maalumu, na maombi hupita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni. Vikundi hukwama kwenye namba ya mlipakodi au akaunti ya benki, lakini hayo hurekebishika kwa wiki chache. Bei ndiyo inayoua. Kikundi huhesabu maandazi, maziwa na sukari ya chai ya kikao cha watu 60, kikasahau gesi, bajaji ya kubebea vyombo, na mtaji wa kuendeshea biashara hadi malipo yaingie. Kinashinda zabuni, kinafilisika. Kwa hiyo washiriki waandae bei mbele ya ofisa manunuzi, naye aikosoe mstari kwa mstari.

Kuna mawili yatakayoliharibu darasa hili mapema. La kwanza ni posho: ikizidi nauli na chakula, watakuja wafuata posho. La pili ni muda. Mama lishe hawezi kuondoka kabla ya watu kula mchana, na machinga hawezi kuacha biashara jioni wateja wanapotoka kazini. Hakuna saa inayowafaa wote, hivyo bora Jiji limlipe mtu wa kukaa kwenye meza au jiko lao siku hiyo kuliko kukodi ukumbi wa hoteli.

Uteuzi usiachiwe ofisi moja. Kikundi kimpendekeze mtu kwa kura iliyoandikwa kwenye muhtasari, ofisa maendeleo ya jamii wa kata ahakiki, na majina yote, waliochaguliwa na walioachwa, yabandikwe ofisi ya kata kwa siku 14 za pingamizi. Tangazo likitoka mwanzoni mwa Julai, Agosti inatosha kwa kazi hiyo.

Wawezeshaji wa vikundi vya wanawake na vijana,
Ilala