Barua kwa mwanangu: Rehema ndiye achague mtaa

Kikuyu, Dodoma

Mwanangu Baraka,

Mbukwenyi. Salamu kwa mkwe wangu Rehema na wajukuu wangu wote wawili. Sisi huku hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatembea mpaka sokoni na kurudi.

Picha ulizonitumia nimeziona. Nyumba ni nzuri, sina la kupinga: vigae, madirisha ya alumini, jiko lenye makabati, uzio mmoja kuzunguka nyumba zote na geti lenye mlinzi. Umeniomba nikujibu kwa kifupi, ulipie au usilipie. Kifupi hicho sitakupa, baba. Kuhamisha watoto wadogo kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma si jambo la kumalizwa kwenye simu. Isitoshe, nimeyasoma maswali yako yote na sijaona hata moja linalomhusu Rehema.

Uhamisho ni wako, wa wizarani, na wizara ziko Mtumba, karibu kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji. Utatoka alfajiri kuwahi gari la watumishi, utarudi jua limezama. Mtaa wako utaujua Jumamosi na Jumapili. Rehema ndiye atakayeujua saa nne asubuhi vumbi likiingia mpaka kwenye vyungu, na saa nane mchana mtoto akiwa na homa na wewe simu umeizima uko kikaoni. Yeye ndiye anayeacha cherehani zake na wateja wa miaka mingi pale Mbagala, aje aanze kutafuta mtu wa kumshonea gauni la kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na mengine yote nitakayoandika yanautumikia: anayeshinda mtaani ndiye achague mtaa. Wewe shika hesabu na makaratasi. Kuchagua mwachie mkeo.

Mlio Dar mnadhani makazi ya kupangwa yameingia Dodoma juzi, na nyumba za Shirika la Nyumba (NHC) Iyumbu na za Wakala wa Majengo (TBA) Nzuguni. Mwanangu, mji huu wote ulipangwa. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa, ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Waliochora walikusudia mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi. Walianza na nyumba kumi kumi, kama ulivyokuwa utaratibu wa chama, wakaziunganisha kuwa vitongoji, na kila kitongoji kiwe na shule yake, maduka yake na eneo la wazi. Mimi naupenda mpango ule hadi leo. Walimfikiria mama mwenye mtoto mgongoni kabla ya kumfikiria mwenye gari.

Lakini mji hukua na karatasi haikui. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Watu wote hao walihitaji pa kulala, na mahali palipoandikwa shule kwenye ramani pakabaki pori miaka nenda rudi, kisha pakaanza kumegwa. Nimeyaona kwa macho yangu, si mtaa mmoja. Ndiyo maana nakuomba, muuzaji akikunjua mchoro wake wa rangi na kusema hapa shule, hapa zahanati, hapa uwanja wa watoto, muulize kila kimoja: kimejengwa? Leo kiko wazi? Kisha nenda Halmashauri ya Jiji, idara ya mipango miji, uulizie mchoro ulioidhinishwa wa eneo hilo, uulinganishe na alichokuonyesha. Kama uwanja wa watoto uko kwenye mchoro wa muuzaji na haupo kwenye ule wa Jiji, hapo pana maneno. Hao wajukuu wangu wana umri wao sasa. Shule itakayojengwa baada ya miaka minane haitamkuta Neema darasa la tatu.

Sasa nikuambie ninavyoiona mitaa yenyewe, maana umeniandikia majina tu.

Iyumbu nimekwenda mara nyingi, kwa sababu shangazi yako anakaa huko. Nyumba zimepangika, barabara za ndani zinapitika, na jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa iko upande huo huo wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote. Mtu akiniambia nyumba iko karibu na hospitali kubwa, nasikia saa saba za usiku na mtoto anayehema kwa shida. Wanafunzi na wahadhiri wa UDOM nao ni watu wanaovaa, Rehema hatakosa wateja. Shida ya Iyumbu ni njia yako wewe. Usitazame umbali kwenye simu. Panda usafiri wa umma siku ya kazi, asubuhi, kutoka hapo mpaka Mtumba, uone unabadilisha wapi na unasubiri muda gani.

Nzuguni watu wanaidharau kwa sababu ya vumbi na kelele za stendi kuu. Mimi siidharau. Iko kwenye barabara ya Dar es Salaam, kwa hiyo Mtumba unakwenda moja kwa moja bila kurudi mjini. Soko Kuu la Job Ndugai liko pale, viwanja vya Nanenane viko pale, na mabasi ya mikoani yanashusha watu pale. Mshonaji anataka watu wapite mbele ya mlango wake. Ukimweka Rehema ndani ya geti tulivu ambako magari huingia jioni tu, umemnyima kazi. Hata hivyo Nzuguni ni kubwa. Kuna sehemu zilizopimwa vizuri na kuna sehemu ambazo bajaji inakwama. Msiseme tumepata Nzuguni, semeni Nzuguni ipi.

Kisasa, Njedengwa na Ilazo zimeshatulia, miti imekua, majirani wanafahamiana, na bei yake inajieleza. Kama mtaweza, sitawazuia. Vile viwanja vya bei nafuu anavyokusifia rafiki yako, mbele ya Ihumwa na huko Kikombo, viacheni kwa sasa. Ni kweli barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112 itaufungua upande ule, na ardhi itapanda. Lakini ninyi mnatafuta pa kulea watoto mwaka huu, na mtu halei mtoto juu ya bei ya ardhi ya kesho.

Nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu ndiyo yanayoamua amani ya nyumba hapa. Mji huu unakunywa zaidi maji ya visima virefu, vile vya Mzakwe upande wa Makutupora, na mji umekua kuliko visima. Kuna mgao. Mtaa mmoja unapata siku kadhaa kwa wiki, mwingine unapata usiku wa manane. Kuna makazi mapya yenye kisima chao, na vingine vina maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Rehema afungue bomba mwenyewe, ayaonje, afue kitambaa. Aulize tenki lina ujazo gani na kama ni la nyumba moja au la wote. Na asimuulize dalali. Amuulize mama anayeanika nguo nyumba ya tatu: maji yalitoka lini mara ya mwisho? Huyo hana kamisheni.

Halafu majira. Wewe uliondoka hapa ukiwa kijana, umesahau. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili, chache kwa jumla lakini zinashuka kwa nguvu, na korongo lililo kavu miezi minane linajaa kwa saa moja. Nyumba iliyojengwa ukingoni mwa korongo inapendeza sana Agosti. Tazameni mitaro: imejengewa, inaelekea wapi, imezibwa na nani. Tazameni na udongo. Penye ule udongo mweusi wa mbuga, kuta hupasuka kila kiangazi hata fundi awe hodari. Kuanzia Juni upepo wa mashariki unavuma mpaka unachoka mwenyewe, na Julai usiku ni baridi, watoto waje na masweta. Mtaa mpya ambao tingatinga limeng'oa kila mti ndio unaokula vumbi zaidi. Nikiona mahali wamepanda miarobaini pande zote za barabara na inamwagiliwa, najua kuna mtu anayepajali.

Kwa sababu hiyo nakuomba msinunue sasa. Pangeni kwanza, mzunguko mzima wa mwaka, upepo na mvua, katika mtaa ule ule mnaoufikiria. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko mkopo wa miaka ishirini kwenye mtaa unaomliza mkeo. Fedha zako za uhamisho zitumie hapo, na kusafirisha vyombo. Usizitie kwenye kiwanja.

Mwaka ukiisha na Rehema akasema hapa ndipo, ndipo wewe uingie kazini. Hati usiridhike na nakala. Omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, uone jina la nani lipo, kama kuna mkopo au zuio, na imebaki miaka mingapi. Uliza kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka gani, maana deni linamfuata mmiliki mpya. Kodi ya jengo utaiona kwenye LUKU, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, hiyo si tatizo. Ulizia zaidi michango ya eneo lenyewe: ulinzi, taka, taa za barabarani, nani anakusanya, na asiyelipa anafanywaje. Kama mtakwenda kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani kodi mnayolipa ndiyo inayonunua nyumba kidogo kidogo, soma ni nini kinatokea ukichelewa miezi mitatu. Na soma kipengele cha matumizi ya nyumba mara mbili. Makazi mengine yaliyopangwa hayaruhusu biashara nyumbani, hata cherehani moja barazani, wala kuongeza chumba. Hicho kifungu asome Rehema mwenyewe, kwa sauti, mbele yako.

Shule, nitasema kidogo tu kwa kuwa mwalimu wao ataeleza vizuri zaidi. Uhamisho wa msingi sasa unapitia kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo chukueni namba za watoto mapema na mhakikishe shule ya huku ina nafasi kabla hamjalipa kodi ya nyumba. Mhamie likizo ya Desemba, waanze Januari pamoja na wenzao. Na njia ya kwenda shule muitembee kwa miguu yenu, kwa mwendo wa Neema, muone kama analazimika kukatiza barabara kuu.

Geti nalo umelisifu mno. Geti linazuia mwizi, sawa. Lakini nimewaona watoto wa nyumba za geti wakicheza peke yao mchana kutwa na dada wa kazi, mama hajui jina la jirani wa ukuta mmoja. Rehema amezoea Mbagala, amezoea kuitwa, kuazimwa sufuria, kukaa kikoba Jumapili. Akija hapa akakosa watu, kigae hakitamfariji. Kabla ya kuamua, aende ofisi ya serikali ya mtaa, amsalimie mwenyekiti, aulize kama mikutano ya mtaa inafanyika na watu wanakuja. Aulize akina mama wana kikundi gani, na msiba ukitokea nani anapita kukusanya rambirambi. Mtaa wenye majibu ya maswali hayo ni mtaa, hata kama lami haijafika. Ninyi wawili mmeoana kanisani kwetu mbele ya ukoo wote, na mimi nilimwahidi mama yake kwamba binti yake huku hatakuwa mgeni. Ahadi hiyo naishikilia.

Kwa hiyo fanya hivi. Usilipe chochote mwezi huu, hata hiyo wanayoiita ya kushikilia nafasi. Mpandishe Rehema treni, maana tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 si safari ya kutwa tena, na aje peke yake. Watoto wabaki na wewe, uonje siku tatu nne za kuwapeleka na kuwarudisha. Mimi nitakwenda naye Iyumbu, Nzuguni na Kisasa, asubuhi na tena jioni, kwa daladala na kwa miguu, na shangazi yako atatupokea upande wake. Baba yako anataka kuja Nzuguni kutazama mitaro; nimemwambia magoti yakikubali. Mwambie Rehema aje na viatu vya kutembelea, sweta, na sampuli za nguo anazoshona, kuna wanawake wawili wa kwaya nataka awaonyeshe. Nauli ya kurudi tutatoa sisi.

Mama yako